Moduli ya math ya Python baada ya msimu mzima wa kahawa: naipa nyota nne

Ilianza na kilo tatu nukta tatu. Mama katibu wa chama cha msingi kimoja huku Kilimanjaro ninachokifanyia kazi alinipigia saa mbili usiku akaniambia mwanangu, mashine yako inamkatalia mzee wa watu. Mzee kaleta kahawa kilo 1.1 asubuhi, kaleta tena 2.2 jioni, ndo mwisho wa msimu ule hata mabaki watu wanapeleka, karani kaandika jumla 3.3 kwenye daftari, sasa programu yangu inajumlisha zile mbili, inalinganisha na daftari, inasema hazilingani na inafunga malipo. Nikafungua laptopu nikaandika 1.1 + 2.2 nikapata 3.3000000000000003. Mzee alikuwa bado kasimama pale dirishani anasubiri.

Nlikuwa naijua hii shida tangu chuo, kila anayeandika programu anaijua, kompyuta inaweka namba kwa mfumo wa mbili na 1.1 kwenye mfumo huo haina mwisho, kama vile moja ya tatu isivyo na mwisho ukiiandika kwa desimali, so kinachowekwa ni jirani wa karibu wa 1.1 na sio yenyewe. Ila kuijua darasani na kuiona inamsimamisha mtu mzima usiku ni vitu viwili tofauti. Kuanzia siku ile nikaamua msimu unaofuata naacha kujiandikia vihesabu vyangu, natumia vile ambavyo wenye Python, lugha ninayoandikia programu zangu, wamekuwa wakiviongeza kwenye moduli ya math, lile fungu la hesabu linalokuja nayo, toleo baada ya toleo, halafu naangalia kama kweli vinafaa. Hii ndo tathmini yangu baada ya msimu mzima, nimetumia toleo la 3.12 kwenye kazi na 3.13 kwenye mashine yangu ya nyumbani.

Na kabla mtu hajaniambia hela haziwekwi kwenye floti, yaani hizi namba za nukta ambazo kompyuta inaziweka kwa ukaribu tu, najua wakuu, shilingi zangu zote ziko kwenye namba kamili, na moduli ya decimal ipo tangu toleo la 2.4 mwaka 2004 na naiheshimu sana. Ninachoongelea hapa ni kilo, zinatoka kwenye mizani zikiwa na nukta, zinapita kwenye Eksel ya karani, zinanifikia zikiwa floti tayari.

Kitu cha kwanza nilichokimbilia usiku ule ni math.fsum, maana nlikuwa nimesikia inajumlisha bila kupoteza kitu. Ipo tangu 2.6, ya zamani kabisa. Nikaipa 1.1 na 2.2 ikanirudishia 3.3000000000000003 ileile, nikabaki nashangaa, nikadhani imeharibika. Haijaharibika. fsum inajumlisha kwa usahihi kile ulichompa, na ulichompa tayari sio 1.1, ni jirani yake aliyezidi kidogo sana, na 2.2 nayo ni jirani aliyezidi, ukiwajumlisha hao majirani kwa haki kabisa unapata namba iliyokaa hatua moja juu ya ile ambayo kompyuta inaiita 3.3. Ugonjwa ambao fsum inautibu ni mwingine: ni ule wa makosa madogo yanayorundikana ukijumlisha vitu vingi. Jumlisha 0.1 mara kumi kwa kitanzi cha kawaida, moja baada ya nyingine, unapata 0.9999999999999999, fsum inakupa 1.0. Mfano mkali zaidi, chukua 1e16, yaani moja yenye sifuri kumi na sita, ongeza 1, toa 1e16, kwa kujumlisha kwa kawaida ile moja inamezwa unapata sifuri, fsum inakupa 1.0 kama inavyotakiwa.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi wamelipita bila kuliona: kuanzia 3.12 hata sum ya kawaida, ile tunayoitumia kila siku, imerekebishwa kwa floti, inabeba salio la kila hatua pembeni na kulirudisha mwishoni. Hawakuongeza jina jipya, hawakukuambia ubadilishe koodi yako, ukipandisha toleo tu jumla zako zinakuwa safi zaidi. Mi hii naipenda kuliko vitu vipya vyote vilivyotangazwa kwa kelele.

Dawa ya yule mzee ilikuwa math.isclose. Iliingia 3.5 mwaka 2015, inakuuliza swali moja, hizi namba mbili ziko karibu vya kutosha? Karibu kiasi gani, ukiiacha yenyewe inatumia uwiano wa moja ya bilioni, na kwa kilo za mizani hiyo inatosha na kubaki. Nikabadilisha mstari mmoja, 1.1 + 2.2 ikakubalika kuwa 3.3, mzee akalipwa, mama katibu akafunga dirisha. Ila sikilizeni mtego wake maana uliniuma wiki iliyofuata: mimi kwenye ripoti nyingine nlikuwa nachukua tofauti kwanza halafu naangalia kama ni sifuri, yaani jumla toa daftari, halafu naiuliza isclose hii tofauti iko karibu na 0? Inasema hapana. Kila mara hapana. Kwa sababu inapima kwa uwiano, na hakuna kitu chochote kilicho karibu na sifuri kwa uwiano isipokuwa sifuri yenyewe, mpaka umpe abs_tol, yaani kiasi halisi unachokubali kukipuuza, na hiyo abs_tol wameiacha sifuri makusudi. Nimefikiria sana kama walikosea, nimeona hapana. Mtu anayepima kilo za kahawa na mtu anayepima upana wa seli hawawezi kuchaguliwa kiasi kimoja cha kupuuza. Sasa mi naandika abs_tol=0.005 kila ninapolinganisha na sifuri, nusu ya gramu kumi, mizani yetu haifiki hata huko. Ingesaidia sana kama maelezo yangekuambia hili kwenye mstari wa kwanza kabisa na kwa herufi nene.

Sasa tuje kwenye math.sumprod, hii ndo imenifanya niandike yote haya. Imeingia 3.12, Oktoba 2023, kazi ya Raymond Hettinger, mmoja wa watengenezaji wa Python, na kwa juujuu unaweza kusema si inazidisha tu orodha mbili na kujumlisha, kilo mara bei, kilo mara bei, mpaka mwisho, hata mtoto wa kidato cha pili anaiandika kwa mstari mmoja. Kweli, mi mwenyewe nlikuwa nayo ya kwangu miaka, nachukua zip ya kilo na bei, inazioanisha moja moja, nazidisha, najumlisha, basi. Msimu mmoja karani kaingiza mizigo 41 na bei 40, daraja la mwisho alilisahau bei yake maana ilibadilika siku hiyo. zip ikifika mwisho wa orodha fupi inaacha, haisemi kitu, so mzigo wa arobaini na moja ukapotea kwenye jumla kimya kimya, na aliyekuwa wa arobaini na moja ni mama mmoja mjane ambaye alikuja siku ya malipo na stakabadhi yake mkononi akaambiwa jina lako kwenye hela halipo. Tulilitatua siku hiyohiyo ila ile sura yake sijaisahau.

Msimu huu nimetumia sumprod. Mwezi wa pili tu wa msimu ikanigomea, ValueError, urefu wa orodha haulingani, na kwakweli niliposoma ule ujumbe nilifurahi kama mtu aliyekuta hela mfukoni kwenye koti la zamani. Karani alikuwa kasahau bei tena. Tukampigia, akaijaza, tukaendelea, hakuna mkulima aliyejua kulikuwa na kitu. Najua zip nayo ina strict, swichi ya kuifanya ikatae orodha zisizolingana, tangu 3.10, lakini strict lazima uikumbuke, na siku utakayoisahau ndo siku karani naye kasahau. sumprod haikupi hiyo nafasi. Halafu kwa floti inabeba tarakimu za ziada ndani kwa ndani wakati wa kuzidisha na wakati wa kujumlisha, inakata mara moja mwishoni, kwa hiyo hata jumla ya mizigo elfu kadhaa inatoka safi kuliko ile ya kwangu ambayo ilikuwa inakata kila hatua. Ukimpa namba kamili tupu inakurudishia namba kamili, haikugeuzii.

Hapo ndo nimeelewa kwa nini kitu kinachoonekana cha mstari mmoja kinaweza kustahili kuingia kwenye maktaba ya lugha. Kuokoa kuandika mstari mmoja sio sababu, mstari mmoja tunauandika. Sababu ni kwamba ule mstari mmoja wote tunauandika vibaya kwa namna ileile, na hatujui.

Ukishika kipimo hicho unaona zipi zimestahili. math.isqrt, iliyoingia 3.8 mwaka 2019, mkono wa Mark Dickinson, naye mtengenezaji wa Python. Kipeuo cha pili cha namba kamili, jibu namba kamili. Wengi tunaandika int ya math.sqrt, yaani kipeuo cha floti halafu int inakata kilicho baada ya nukta, tunaona yameisha. Jumamosi huwa nafundisha vijana wachache wa sekondari, nikawapa namba moja, 4503599761588224, nikawaambia tafuteni kipeuo chake cha pili, namba kamili kubwa kabisa isiyozidi. Kwa njia ya kawaida wakapata 67108865. Nikawaambia haya kizidisheni kwa chenyewe, wakakizidisha kikatoka na 5 mwishoni badala ya 4, yaani kimezidi namba yenyewe kwa moja! Darasa likawa kimya. Kipeuo chenyewe kilikuwa kimekosa kufika 67108865 kwa sehemu ndogo mno mpaka floti ikaikata kwenda juu. isqrt inasema 67108864, inagusa namba kamili tu mwanzo mwisho, na ukimpa namba yenye tarakimu mia nne bado inajibu wakati math.sqrt inatupa OverflowError, kwamba namba imezidi ukubwa wa floti. Kijana mmoja akauliza sasa kwa nini sqrt ya zamani isirekebishwe, nikamwambia haijakosea, aliyekosea ni int tuliyoibandika mbele.

math.cbrt ya 3.11 ni habari hiyohiyo. Tenki la maji la mchemraba, mita za ujazo 64, upande wake mita ngapi? 64 ** (1/3), yaani 64 kwa kipeo cha theluthi, inakupa 3.9999999999999996, ukiikata kuwa namba kamili unapata 3, umeshajenga tenki dogo. cbrt inasema 4.0. Na ukimpa -8 inasema -2.0 wakati ile njia ya kipeo cha theluthi inakuletea namba changamano ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu hajawahi hata kuisikia.

math.lcm ya 3.9 nayo nzuri, ni ile KDS ya shule ya msingi, unampa 4, 6 na 8 anasema 24, namba nyingi kwa mpigo, na gcd ambayo ndo KKS siku hizi nayo inapokea nyingi. math.prod, inayozidisha orodha nzima, sina neno nayo, ipo, naitumia, sidhani kama ningeipigania.

math.fma ya 3.13 sikuihitaji hata mara moja msimu mzima, inazidisha na kujumlisha kwa kukata mara moja tu badala ya mara mbili, wanaoandika algorithimu za namba wanaijua thamani yake. Ninayoiheshimu ni safari yake. Ombi lilifunguliwa 2017, na mpaka imefika mikononi kwetu ni Oktoba 2024. Miaka saba kwa kitu ambacho Java ilikuwa nacho tangu toleo la 9! Ila ukifuatilia unaelewa, kwa sababu inategemea kile ambacho mfumo wa mashine husika unatoa, na mifumo haijibu sawa kule pembezoni kabisa, kwenye infiniti, kwenye NaN (alama ya jibu ambalo sio namba), kwenye namba ndogo kupindukia, na ukishaweka jina kwenye math mtu wa Windows na mtu wa Linux wote wana haki ya kupata jibu moja. Watu wanadhani kuongeza fanksheni ni kuandika ile hesabu. Hesabu ndo sehemu fupi. Kuna koodi ya C kwenye mathmodule.c, kuna testi kwenye test_math.py, kuna ukurasa wa maelezo wenye alama ya toleo ilipoanzia, kuna kukubaliana inafanyaje ikipewa orodha tupu au namba hasi, na ukishaitoa huwezi kuirudisha kirahisi maana watu wameshaijengea nyumba juu yake. gcd kuhamishwa tu kutoka moduli ya fractions kwenda math kulichukua kuanzia 3.5 mpaka 3.9 ndo ile ya zamani ikaondolewa.

Sasa kwa nini nyota nne na sio tano.

Ya kwanza ni kalenda. Tangu 3.9 toleo jipya linatoka kila Oktoba, na mlango wa vitu vipya unafungwa toleo likiingia beta, yaani hatua ya majaribio, kama mwezi wa tano hivi. Wazo likikubaliwa mwezi wa sita linasubiri Oktoba ya mwaka unaofuata. Halafu hapo ndo limetoka tu, bado halijafika kwenye seva ya mtu. Mi niliandika ripoti yangu nzuri na sumprod kwenye laptopu, nikajaribu, safi, nikapeleka kwenye seva ya ofisi moja ya jirani, inaendeshwa na mfumo wa Ubuntu 22.04, Python yake 3.10, asubuhi ya siku ya malipo nakuta AttributeError, math haina kitu kinachoitwa sumprod. Watu wameshapanga foleni. Nikarudisha haraka ile ya zamani, safari hii nikiwa na fsum na zip yenye strict, ikafanya kazi, na mpaka leo pale juu ya faili kuna mistari minne inayojaribu kuichukua sumprod na ikikosa inatumia hii mbadala. Kosa la kutokagua toleo ni langu, nimelikubali, na sasa python3 --version ndo amri ya kwanza ninayoandika nikiingia kwenye seva ya mtu. Kama wewe unafanyia kazi ofisi za watu, jua Ubuntu 24.04 inakuja na 3.12 na unaipata, chini ya hapo huipati mpaka uweke Python nyingine mwenyewe.

Ya pili ni clamp. Haipo, hata kwenye 3.13 haipo, na kwa kipimo changu ilistahili kuingia kabla ya prod. Clamp ni kuibana namba isishuke chini ya kiwango wala isipite kiwango. C++ wanayo tangu 2017, C# wanayo, Java wameiweka kwenye toleo la 21 mwaka 2023. Kwenye Python unaambiwa andika max na min. Haya, makato ya mkopo wa pembejeo kwenye chama kimoja yalikuwa yasipungue shilingi 5,000 na yasizidi 50,000 kwa malipo. Sahihi ni max ya 5,000 na min ya makato na 50,000. Niliandika kinyume, min ya 5,000 na max ya makato na 50,000. Isome haraka, inaonekana sawa kabisa, niliisoma mara tatu. Inatoa 5,000 kwa kila mtu, haijalishi anadaiwa ngapi, maana ile max haiwezi kushuka chini ya 50,000 na ile min inachukua 5,000 daima. Wakulima walifurahi, mhasibu akagundua wiki ya tatu, na kuwafuata watu kuwaambia makato yenu yalikuwa madogo mno tunaomba tuyaongeze ni kazi ambayo simtakii mtu.

Na ukiingiza NaN ndo balaa zaidi, max ya Python ukimpa NaN kwanza halafu 1 inakupa NaN, ukimpa 1 kwanza halafu NaN inakupa 1, jibu linategemea nani katangulia. Hili ndo jambo linalotaka mtu mmoja makini akae chini aliamue mara moja kwa niaba yetu sote: NaN ikija tufanyeje, kiwango cha chini kikiwa kikubwa kuliko cha juu tufanyeje. Java wameamua, viwango vikipishana wanatupa kosa hapohapo. Nani kasema sisi kila mmoja aamue kivyake kwenye faili lake la siku ya malipo?

Msimu unaanza tena mwezi wa saba. Mama katibu kashaniuliza kama mashine ya mwaka huu ni ileile, nimemwambia ni ileile mama, ila nimeibadilisha tumbo, na nimemwachia karani karatasi ukutani iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba ikigoma kwa ValueError asinipigie kwanza, ahesabu bei.